Kabla ya Mfupa Kulikuwa na Msuli

Kwenye rasi ya Bonavista, kisiwa cha Newfoundland, mashariki mwa Kanada, kuna mwamba wenye alama ya kiumbe anayeweza kuenea kwenye kiganja. Ana umbo la pande nne, ana kikonyo kinachoishia kwenye kisahani cha kujishikizia, na pembe zake zimechipua matawi madogomadogo. Mwili wake umejaa mistari myembamba iliyolala sambamba, mafungu kwa mafungu, inayopinda pale mwili unapopinda na kugawanyika pale matawi yanapogawanyika. Profesa Martin Brasier wa Oxford aliiona alama hiyo mwaka 2008. Mwaka 2014 yeye, Alexander Liu na wenzao walimpa kiumbe huyo jina la Haootia quadriformis, wakasema jambo zito: mistari ile ni misuli, na ina umri wa miaka milioni 560 hivi. Brasier alifariki Desemba ya mwaka huohuo, mjadala ukiwa bado mbichi.

Ninaandika haya nikiwa Arusha, mji usio na bahari wala mwamba wa aina ile. Kazi yangu ni fiziotherapia. Wagonjwa wangu wengi ni vijana wa bodaboda waliovunjika miguu, na wazee ambao bega limekataa kunyanyuka. Kazi hii ina jambo moja ambalo watu hawalifikirii: misuli ninayoitibu siioni. Ninachokiona ni ngozi. Napapasa, namwomba mtu anyanyue mkono, asukume kiganja changu, ashushe polepole, ndipo naweza kusema ni msuli upi umelala na upi unambebea mwenzake mzigo. Kijana akifunguliwa hogo baada ya wiki kadhaa, paja limenywea ingawa mfupa ni uleule. Kwa hiyo nilipoanza kusoma mabishano kuhusu Haootia, niliyasoma kama mabishano ya watu wa kazi yangu, ingawa mgonjwa wao alikufa kabla dunia haijapata samaki hata mmoja.

Nina msimamo, na nitausema mapema. Mistari jiweni haijawa msuli mpaka uonyeshe ilikuwa ikivuta kutoka wapi kwenda wapi. Na jamaa walio hai, hata wakifanana vipi na kisukuku (mabaki au chapa ya kiumbe wa kale iliyotunzwa jiweni), wanatusaidia kuuliza maswali mazuri zaidi. Hawawezi kutuamulia jibu.

Sisi wa huku tumezoea visukuku vya mifupa. Ukiingia Makumbusho ya Elimu Viumbe hapa Arusha, ndani ya Boma la Mjerumani lililojengwa mwaka 1900, akili yako inakwenda moja kwa moja Olduvai na Laetoli. Fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai tarehe 17 Julai 1959 lina umri wa karibu miaka milioni 1.75, na juu ya utosi wake kuna ukingo wa mfupa uliosimama wima kutoka mbele kwenda nyuma. Ukingo huo ulikuwa mahali pa kujishikiza msuli wa kutafunia, uleule unaoweza kuusikia ukicheza kando ya paji lako ukikaza meno. Gorila dume naye anao. Nyama yote imekwisha, lakini hakuna anayebisha kwamba msuli ulikuwepo, tena mkubwa.

Sasa angalia kilichofuata. Kwa kuwa msuli ulikuwa mkubwa na magego mapana ajabu, ikaaminika kwamba huyu alikuwa akipasua kokwa ngumu, akapewa hata jina la utani la mvunja kokwa. Mwaka 2008 uchunguzi wa mikwaruzo midogo kwenye meno ya spishi hiyo haukukuta dalili za kuvunja vitu vigumu. Mwaka 2011 kemia ya kaboni iliyo ndani ya meno hayo ikaonyesha kwamba sehemu kubwa ya chakula chake ilitokana na mimea ya jamii ya nyasi na ndago. Msuli ulikuwa wa kweli, kazi uliyopewa ndiyo ilikuwa ya kukisia. Kama hilo linaweza kutokea kwa kiumbe mwenye mfupa, mwenye meno, aliye karibu nasi kiukoo, basi kwa kiumbe asiye na hata kimoja kati ya hivyo inafaa kwenda taratibu sana.

Msuli una uwezo mmoja tu, nao ni kuvuta. Ukikunja kiwiko, msuli wa mbele ya mkono umevuta. Ukikinyoosha, wa nyuma umevuta. Kila msuli unahitaji kitu cha kuurudisha ulikotoka. Kwetu kitu hicho ni msuli mwingine ulio upande wa pili wa mfupa. Kwa mnyama laini ni maji, au ni mwili wenyewe. Yavuyavu, wale wanyama wa uteute wanaowasha waogeleaji kule Pwani, hukaza misuli ya mviringo chini ya mwavuli wao, maji yakatoka kwa nguvu na wao wakasogea. Kisha ule uteute mnene wa katikati unautanua mwavuli tena bila msuli wowote kufanya kazi hiyo. Anemoni wa baharini, mnyama laini anayejishikiza kwenye mwamba, hufunga mdomo, na maji yaliyobanwa ndani ya tumbo lake ndiyo yanayosimama mahali pa mfupa. Nyungunyungu ana tabaka mbili: ya mviringo inambana akarefuka, ya urefu inamfupisha akanenepa. Askarisi, huyu mnyoo tunayewanyweshea watoto dawa, ana misuli ya urefu peke yake, kwa hiyo hujipinda upande huu na upande huu, na kinachomnyoosha ni shinikizo la maji ndani ya ngozi yake ngumu.

Ndiyo maana kwa Haootia mimi sianzi na jina la ukoo wake. Naanza na mwelekeo wa nyuzi.

Waandishi wa mwaka 2014 walieleza kwamba baadhi ya mistari inazunguka na kukatiza mwili, na mingine inakwenda kwa urefu mpaka ndani ya matawi. Jamaa wa leo waliyemlinganisha naye ni staurozoa, yavuyavu wa ajabu wasioogelea: wana kikonyo, wanajishikiza kwenye mawe na mwani wa bahari za baridi, na mikono yao imetawanyika juu mithili ya kikombe kilichofunguka. Umbo linafanana kweli. Lakini mwaka 2015 watu watatu wanaowafahamu staurozoa hai kwa undani, Lucília Miranda, Allen Collins na Antonio Marques, walijibu kwamba misuli haifanani. Kwa staurozoa wa leo misuli ya urefu imekusanywa katika mafungu machache yaliyotengana, mara nyingi manne kwenye kikonyo, na ile ya mviringo ni ukanda mwembamba ukingoni mwa kikombe. Kwa Haootia nyuzi zimetapakaa mwili mzima. Liu na wenzake wakajibu kwamba hawakuwa wamesema Haootia ni staurozoa, ila kwamba ana mwili wa ngazi ileile.

Kwa maoni yangu wakosoaji walikuwa na haki kuhusu ukoo, na hoja yao haiuui msuli. Watu wengi waliosimulia mjadala huu waliyachanganya mambo haya mawili, na inanisikitisha, kwa sababu swali zuri zaidi limelala katikati yake. Kitu kinaweza kuwa msuli halisi bila kuwa msuli wa mnyama yeyote tunayemjua.

Je, ni msuli, au ni mikunjo ya ngozi tu? Hapa kazi yangu ina la kuchangia. Kunja paji la uso mbele ya kioo. Mikunjo inalala kutoka sikio hadi sikio, lakini msuli ulioisababisha unakwenda juu na chini, kutoka kwenye nyusi kuelekea utosini. Mkunjo wa ngozi huukatiza msuli unaoukunja. Uzi wa msuli hulala palepale mvuto unapoelekea. Katika matawi ya Haootia mistari inafuata urefu wa tawi mpaka linapogawanyika. Ingekuwa ni mikunjo ya mnyama aliyejifupisha, ningetegemea ilikatize tawi. Najua ngozi inaweza kujikunja kwa urefu pia ikivutwa na kusinyaa wakati wa kufa, kwa hiyo sisemi kesi imekwisha. Nasema tu kwamba upande wa nyuzi una uzito zaidi, na uzito huo unatokana na mwelekeo wa mistari. Kufanana na mnyama wa leo hakuuongezi.

Jambo la kuoza nalo halikwepeki. Kila mtu aliyewahi kusahau nyama nje ya friji anajua msuli hauchukui muda. Mtafiti wa visukuku Derek Briggs na wenzake waliwaozesha kamba wa baharini na jamaa zao maabara, wakaonyesha kwamba katika mazingira fulani madini ya fosfati huanza kuchukua nafasi ya msuli ndani ya wiki chache, wakati bakteria bado wanakula. Ndiyo njia ambayo imetupatia misuli iliyogeuka jiwe kwenye samaki wa zama za dinosaria wa formesheni (tabaka za miamba) ya Santana kule Brazili, mpaka mistari ya ndani ya uzi ikaonekana kwa hadubini. Haootia hana kitu hicho. Alichotuachia ni chapa tu kwenye tope laini la chini ya bahari. Miamba ya eneo lile ina tabaka nyingi za majivu ya volkano yaliyofunika viumbe pale walipokuwa wamekaa. Sisi tunaoishi chini ya Meru, na Ol Doinyo Lengai ikiwa upande wa pili, tunafahamu majivu yanavyoweza kutunza chapa: nyayo za Laetoli zenye miaka milioni 3.6 zimetunzwa na majivu.

Mwaka 2010 Robert Sansom, Sarah Gabbott na Mark Purnell walifanya jaribio ambalo mimi nalihesabu kuwa miongoni mwa kazi muhimu zaidi katika fani hii. Waliacha amfioksi na vichanga wa lamprei, wanyama wa majini wenye umbo la samaki wembamba, waoze, wakawa wanaandika ni kipi kinapotea kwanza. Vilivyotangulia kupotea ni vile vinavyomtambulisha mnyama kuwa wa ukoo wake hasa. Vilivyodumu ni vya jumla, ambavyo koo nyingi zinavyo, pamoja na ile misuli iliyopangwa vipande vipande ubavuni. Maana yake mnyama aliyeoza nusu anaonekana wa kale kuliko alivyo. Ukikuta kisukuku chenye misuli na karibu hakina kingine, usikimbilie kusema hivyo ndivyo alivyozaliwa. Huenda misuli ndiyo iliyobaki baada ya mengine kuondoka.

Nilipojaribu kumweleza hayo muuza bucha wangu wa Kijenge, mzee ambaye amekata nyama tangu nikiwa mdogo, alinisikiliza akiwa na kisu mkononi. "Mwanangu," akasema, "mimi nyama naisoma kwa uzi. Ng'ombe aliyetembea kutoka Monduli na huyu aliyefungwa zizini uzi wao si mmoja." Nikamwambia anifungie steki na utumbo, nikamwonyesha: steki unaichambua ikatoka nyuzi, utumbo hauchambuki hivyo. Steki ni msuli wenye milia, unaotii amri. Utumbo una msuli laini unaojiendea wenyewe. "Na wote ni msuli?" akauliza. Shikamoo yangu kwake huwa ni ya heshima ya umri, lakini siku hiyo ilikuwa pia ya swali lile, kwa sababu ndilo swali ambalo wanabiolojia wamekuwa wakihangaika nalo.

Mwaka 2012 kundi lililoongozwa na Patrick Steinmetz na Ulrich Technau lilichapisha jibu ambalo lilinishangaza. Yavuyavu wana misuli yenye milia, ukiitazama kwa hadubini unaweza kuapa ni ileile ya paja la mtu. Lakini walipotafuta protini zinazoshikilia milia hiyo, kama titini na troponini, kwa yavuyavu hazikuwepo. Milia yao imejengwa kwa vifaa vingine. Wakati huohuo aina ya mayosini (protini inayofanya kazi ya kuvuta) tunayoihusisha na misuli ilikutwa hata kwa sifongo, ambao hawana msuli kabisa. Jeni lake lilijinakili na kuwa mawili kabla wanyama hawajatokea. Sifongo hujikaza mwili mzima polepole, kwa dakika kadhaa, kutoa uchafu ndani yao, wakitumia seli za kawaida za ngozi yao.

Hapo ndipo ulinganisho rahisi unapovunjika. Vifaa ni vya kale kuliko msuli, na msuli wenye milia umejengwa zaidi ya mara moja. Mtu akisema "kisukuku hiki kina nyuzi, yavuyavu wana nyuzi, basi hiki ni babu wa yavuyavu", ameruka hatua ambayo hata wanyama hai hawaturuhusu kuiruka.

Ndiyo maana mimi huvutwa zaidi na njia walizopita wanyama kuliko na miili yao. Katika Mistaken Point, kisiwa hichohicho cha Newfoundland, kwenye miamba ya miaka milioni 565, Liu na wenzake walieleza mwaka 2010 michirizi midogo ya kiumbe aliyejikokota juu ya tope. Ndani ya mchirizi kuna tao baada ya tao, kana kwamba alikuwa akisogea, anatua, anasogea. Waliweka anemoni hai kwenye tanki lenye mchanga, naye akaacha mchirizi unaofanana na ule. Huo ndio ulinganisho ninaoukubali kwa moyo wote, kwa sababu haulinganishi sura. Unalinganisha tendo, na tendo hilo unaweza kulirudia na kulipima.

Hata hapo tahadhari inahitajika. Kusogea si lazima kuwe kwa msuli. Plakozoa, wanyama bapa wadogo wasiozidi milimita chache, huteleza kwa vinyweleo vya seli vinavyopigapiga chini ya mwili. Dickinsonia, yule kiumbe bapa wa Ediacara, zama zilizotangulia Kambria, ambaye mwaka 2018 mabaki ya kolesteroli kwenye sampuli za Urusi zenye miaka milioni 558 yalimthibitisha kuwa mnyama, ameacha chapa za sehemu alizotulia akila, na watafiti kadhaa wanaona angeweza kuhama kwa vinyweleo hivyo bila kukaza chochote. Kwangu, kuchimba ndiko kunakotenganisha. Vinyweleo vinaweza kukutelezesha juu ya tope. Kulipenya kunataka kusukuma mchanga, na mnyama laini husukuma kwa kujikaza juu ya maji aliyoyabana ndani. Ikaria wariootia wa Australia ya Kusini, aliyetangazwa mwaka 2020, ana ukubwa wa punje ya mchele, na amehusishwa na mifereji iliyopita ndani ya mchanga, ikiwa na vituta vya kukatiza vinavyoonyesha mwili uliojibana na kujirefusha kwa zamu. Na mwanzo rasmi wa zama za Kambria, zilizofuata Ediacara, umewekwa Fortune Head, tena Newfoundland, kwenye tabaka linalotambulishwa na mashimo ya Treptichnus pedum yenye matawi yanayopanda juu kwa mpangilio. Mchimbaji mwenyewe hajaonekana. Lakini mtu aliyezoea kutathmini misuli bila kuiona hawezi kuyatazama mashimo yale akabaki na shaka kwamba aliyeyachimba alikuwa nayo.

Kambria inapofika, visukuku vyenye misuli vinakuwa vingi, na mambo yanarahisika kidogo. Sirius Passet, kaskazini mwa Greenland, imetupa Pambdelurion, jamaa wa mbali wa wadudu na kaa, ambaye mwaka 2017 Fletcher Young na Jakob Vinther walionyesha kwamba misuli yake imepangwa zaidi kama ya onikofora, wale wanyama laini wenye miguu ya nyama, kuliko ya athropoda wa leo (wadudu, kaa na jamaa zao) walioshikiza misuli kwenye magamba magumu. Pikaia wa miamba ya Burgess Shale, Kanada, ana misuli ya vipande ubavuni, jambo ambalo yeyote aliyewahi kula perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu analifahamu: nyama ya samaki aliyeiva huachana vipande vilivyojipinda, kila kipande ni msuli mmoja. Vipande hivyo ndivyo vilivyomweka Pikaia karibu na ukoo wetu. Hata hivyo mwaka 2024 Giovanni Mussini na wenzake walidai kwamba miaka yote hiyo alikuwa akitazamwa juu chini: kilichodhaniwa kuwa mgongo ni tumbo. Misuli ilikuwa pale wazi tangu mwanzo, na bado haikutosha kutuambia upande wa juu ni upi.

Nikirudi kwa Haootia, ninachokitaka kutoka kwa kila kielelezo kipya kitakachotoka kwenye miamba ile ni kitu kimoja. Msuli una hali mbili, kukaza na kulegea, na tope linaweza kumzika mnyama katika yoyote kati ya hizo. Nionyeshwe mmoja aliyezikwa amejikunyata na mwingine wa spishi hiyohiyo aliyezikwa amejinyoosha. Kama mistari ni mikunjo, kwa yule aliyejinyoosha itakuwa imepotea au imefifia sana. Kama ni nyuzi, itakuwepo kwa wote wawili, ikifuata njia zilezile, ila kwa aliyejinyoosha ya urefu itakuwa imesongamana zaidi na ile ya kukatiza itakuwa imeachana. Hilo linaweza kupimwa kwa rula na picha nzuri ya mwamba yenye mwanga wa pembeni, na halihitaji kwanza tukubaliane jamaa yake wa leo ni nani.